Filamu ya Sanduku Jekundu

Mwezi uliopita nilipita kwa msusi wa mtaani kwetu, hapa Dodoma ninakoishi sasa, nikamkuta anachovya ncha za rasta kwenye ndoo ya maji ya moto. Mvuke ulinipiga usoni pamoja na ile harufu yake, harufu ya nywele za bandia zilizoiva, mafuta ya nazi na plastiki ya ndoo, nami nikasimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichokijia. Msusi aliniuliza kama nataka kusuka au kufumua. Nilimwambia nataka kukaa kidogo tu. Akacheka, akanisogezea kigoda.

Nilikaa, na kabla maji hayajapoa nilikuwa nimesharudi Utemini, Singida mjini, nina miaka tisa, nimevaa sketi ya shule iliyoharibika zipu, niko juu ya kreti la soda nasubiri mama aniambie nibadilishe CD.

Saluni ya mama ilikuwa fremu ya katikati kati ya fremu tatu zilizojengwa chini ya bati moja. Upande mmoja waliuza dawa za mifugo. Upande mwingine alikaa fundi redio ambaye sikuwahi kumwona akimaliza redio hata moja. Ndani mwetu kulikuwa na kioo kilichokaribia ukuta mzima, draya moja iliyonguruma kama mashine ya kusaga, benchi la wanaosubiri, na televisheni juu ya kabati. Soketi ya kuaminika ilikuwa ukuta wa nyuma, kwa hiyo televisheni nayo ilikaa huko, nyuma ya migongo ya wateja. Na mtu anayesukwa hawezi kugeuza shingo. Basi wateja wote wa mama walitazama filamu kwenye kioo.

Hilo lilikuwa na mambo yake. Maandishi yote yalikuwa kinyume, na kila mwigizaji alikula kwa mkono wa kushoto. Kuna mama mmoja wa Sepuka alikuja mjini kusukwa kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe. Aliwatazama watu wa kwenye filamu wakila pilau harusini, akasikitika kwelikweli.

"Watu wa Dar wameharibika," alisema. "Ukumbi mzima hakuna hata mmoja anayekula kwa mkono wa kulia."

Mama hakumsahihisha. Alimwinamisha kichwa mbele kidogo, kama anayetafuta mstari wa nywele, ili asione wenzake walivyokuwa wakijiuma midomo.

CD zetu hazikuwa nyingi. Zilikuwepo za kwaya, moja ya mieleka ambayo baba aliileta na mama akaificha, na filamu chache za hapahapa nchini. Kati ya hizo, iliyopendwa kuliko zote ilikuwa moja ambayo jina lake liliandikwa kwa Kiingereza na hakuna aliyehangaika nalo. Tuliiita "ya sanduku", kwa sababu kwenye jalada alionekana mwanamke ameketi juu ya sanduku jekundu, ameshika tama. Ilikuwa na sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja na CD yake.

Hadithi yenyewe haikuwa ngumu. Mwanamke anayeitwa Tunu anaolewa na mwanamume mwenye gari na nyumba yenye geti. Harusini anapewa sanduku jekundu limejaa nguo mpya. Baadaye mama mkwe anahamia kwao na kuanza kukosoa chakula. Mume naye anaanza kufunga geti kwa kufuli kila anapotoka, kisha anaanza kumpiga Tunu, na anampiga mahali ambapo nguo inafunika. Katika sehemu ya pili Tunu anaondoka.

Ninaposema tuliirudia, msidhani tulikuwa tunakaa chini kuitazama mwanzo hadi mwisho. Filamu ya saluni haitazamwi hivyo. Mmoja anaingia wakati wa harusi, anatoka Tunu akiwa bado ana furaha. Mwingine anakuja kuweka dawa, anakuta mama mkwe ameshahamia, na kabla dawa haijaanza kuwasha ameshaulizia huyu bibi ni nani. Mteja wa rasta ndogo, anayekaa kutwa nzima, ndiye anayewahadithia wengine walichokikosa. Kulikuwa na wanawake waliomfahamu Tunu kama jirani yao na bado hawakuwahi kuuona mwanzo wa filamu.

Na kulikuwa na maneno ambayo saluni nzima iliyasema pamoja. Mama mkwe alipoonja mchuzi, akaweka kijiko chini na kuangalia dari, wanawake wote, wa kwenye kiti na wa kwenye benchi na wa chini ya draya, waliitikia naye kwa sauti moja: "Huu ni mchuzi au maji ya kunawia?" Kisha walicheka, na kicheko kilianza kabla hata hajasema. Dada Joyce, msichana wa Nduguti aliyekuwa akimsaidia mama kusuka, aliyahamishia maneno hayo kwenye chai, kwenye uji, hata kwenye sabuni ya kuoshea nywele. Dada Joyce alikuwa Mnyiramba na sisi Wanyaturu, watani wa jadi, kwa hiyo yeye na mama walitaniana tangu asubuhi wakifungua hadi jioni wakifunga. Wakichoka kutaniana waliweka filamu.

Mwenye fremu alikuwa Baba Salome. Alikaa mtaa wa pili kutoka hapo. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti laini, mashati yake yamepigwa pasi hadi mikono inasimama yenyewe. Akipita mbele ya saluni alisalimia kila mtu kwa jina. Mimi aliniita "mwalimu", kwa sababu siku moja alinikuta nawasomea wateja maelezo ya kopo la dawa ya nywele, na kila alipopita baada ya hapo alinipa pakiti ya biskuti. Nilimpenda. Lazima niwaambie hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mke wake, Mama Salome, alikuwa mwembamba, sauti yake ya chini kiasi kwamba draya ikiwaka husikii anachosema. Alikuja kusuka mara nyingi kuliko mteja mwingine yeyote. Rasta bado nzuri, yeye anataka zifumuliwe. Dada Joyce alisema hizo ni pesa zimekosa kazi. Mimi nilifikiri anakuja kwa ajili ya filamu, maana nilipokuwa mtoto sikuona sababu nyingine ya mtu kwenda mahali penye televisheni.

Siku moja alikuja kuosha nywele. Mimi nilishika kopo la maji, mama akawa anasugua. Vidole vya mama vilipofika nyuma ya sikio, Mama Salome alishtuka akashika ukingo wa beseni. Mama alisimama. Alizitenganisha nywele pale taratibu, akatazama, na mimi niliyekuwa nimesimama karibu nilitazama pia. Palikuwa pamevimba, na katikati pana kidonda kilichoanza kukauka.

"Niligonga kabati," Mama Salome alisema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Pole," mama alimjibu. Kisha akanigeukia. "Rehema, maji ya moto mno haya. Ongeza ya baridi."

Maji hayakuwa ya moto. Niliongeza.

Jioni ile nyumbani mama na baba walizungumza Kinyaturu kwa sauti ya chini, wakati baba akivua nguo zake za kazi. Baba alifanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, na nyumba yetu ilinukia mashudu hata siku za Jumapili. Nilisikia jina la Baba Salome likitajwa. Nilimsikia baba akivuta pumzi ndefu, halafu akasema kwa Kiswahili, kana kwamba jambo hilo halikuwa na maneno kwa lugha yetu, "Lakini fremu ni ya kwake."



Baada ya hapo nilianza kuona jambo ambalo sikulielewa. Wakati huo baba alikuwa ameleta filamu nyingine mpya, tena moja ilikuwa na vichekesho na kila mtu aliitaka. Lakini Mama Salome akikaa tu kwenye kiti, mama aliniambia, "Rehema, weka ya sanduku."

Wateja walianza kulalamika.

"Mama Rehema, hii tena?" wa kwenye benchi waliuliza.

"Hii tena," mama alisema, na mikono yake haikusimama.

Hata dada Joyce alichoka. Alisema akimwona Tunu siku moja zaidi atamwomba amlipie pango. Mama alicheka, ila CD haikubadilishwa. Na jambo lingine ni kwamba mama, ambaye kwa kawaida alikuwa msusi mwepesi, kichwa cha Mama Salome alikisuka polepole kama mtu anayejifunza. 

Kulikuwa na siku ambazo Baba Salome mwenyewe alikuja kumchukua mkewe. Tulimsikia tangu kwa fundi redio, akisalimia. Mama alisema bila kugeuka, "Weka kwaya," nami nilikimbia kuweka kwaya, na mzee akiingia alikuta watu wamevaa majoho wanaimba. Aliketi kwenye benchi na kutikisa kichwa kufuata wimbo. "Hapa ndipo mahali," alisema. "Saluni nyingine wanaweka upuuzi." Nilidhani mama anamwekea kwaya kwa heshima, kwa kuwa ni mzee wa kanisa.

Mara moja moja hatukuwahi, akakuta filamu inaendelea, mahali pa mama mkwe na mchuzi. Alicheka kuliko wanawake wote. Akatoa leso, akafuta macho.

Kwa sababu ya kwenda kupika, Mama Salome hakuwahi kufika sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza ikikaribia kwisha, naye huwa ndio anamalizwa. Alikuwa anajua Tunu alivyoolewa, alivyofungiwa, alivyoumizwa. Alivyotoka hakuwahi kuona. Basi siku moja, mchana wa jua kali, wateja wengine hawapo na dada Joyce ameenda kununua rasta, mama aliniambia, "Leo anza na ya pili."

"Mama, ya kwanza hatujaiweka."

"Ya kwanza imetosha."

Niliweka ya pili. Mama alisuka. Mama Salome alitazama kwenye kioo. Tunu alilala macho wazi. Tunu alifika kwa kaka yake mchana wa siku nyingine, amebeba mtoto mgongoni, akasimama nje ya mlango anaogopa kubisha. Alikuwa amekariri njia nzima maneno ya kujieleza. Mlango ukafunguka, kaka yake akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, na kabla Tunu hajafungua mdomo alimuuliza, "Mmekula?"

Mama Salome alisema kwa sauti yake ndogo, "Na kaka yake hakumrudisha?"

"Hakumrudisha," mama alisema.

"Hiyo ni filamu."

"Ndiyo, ni filamu."

Mama alichukua rasta nyingine kutoka kwenye fungu, akaigawa.

"Kaka yangu mimi yuko Itigi, yuko reli," Mama Salome alisema. "Ana nyumba ya vyumba viwili na watoto wake wamejaa."

Mimi, kwenye kreti langu, sikuweza kunyamaza. Waliokuwa wanaizungumzia ni filamu yangu, na walikuwa wanaizungumzia bila kuijua vizuri. "Kaka yake Tunu ana chumba na sebule tu," niliwaambia. "Wanalala sebuleni, wanatandika mkeka. Na wifi yake hakasiriki."

Mama Salome alinitazama kupitia kioo. Nadhani ni mara ya kwanza alinitazama hasa.

"Wewe Rehema unaijua hii filamu yote?"

"Yote."

"Sasa hebu niambie. Alitokaje na nguo za mtoto, na geti lile, na bibi yule anakaa kutwa uani?"

Nilisimama kabisa, kama niko mbele ya darasa. Nikamweleza. Kwamba Tunu hakubeba siku moja. Kwamba kwenye sehemu ya kwanza, mwishoni, pale pa kibuyu cha maziwa, ambapo Mama Salome huwa hapaoni vizuri kwa kuwa ndio anamalizwa, Tunu alikuwa anapeleka nguo kwa jirani fundi cherehani kidogokidogo, leo gauni, kesho shuka, kana kwamba zinashonwa. Kwamba aliondoka na basi la asubuhi, si la mchana, kwa sababu asubuhi watu wana haraka na hakuna anayekuangalia. Na kwamba lile sanduku jekundu hakulichukua. Aliliacha juu ya kabati, ili mume akirudi alione, adhani mke wake hajaenda mbali.

"Kibuyu cha maziwa kipi?" Mama Salome aliuliza.

"Kile cha bibi, anachotikisia maziwa. Anakuwa ameinama."

"Haya. Nimekuelewa."

Mikono ya mama ilikuwa imesimama. Nilikumbuka hilo baadaye sana, kwamba mikono yake ilikuwa imesimama juu ya kichwa cha yule mwanamke, vidole vimeshika nyuzi tatu za rasta ambazo bado hazijapishana. Kisha ikaanza tena kusuka.

"Mama Salome," alisema, "taulo za hapa zimechakaa zote. Kama una vitambaa na nguo kuukuu huko nyumbani, uwe unaniletea. Kidogokidogo. Huna haja ya kuleta siku moja."

Mama Salome alikaa kimya hadi nikadhani hakusikia, na draya haikuwa inawaka.

"Nitaleta," alisema.

Na alileta. Wiki zilizofuata hakuja bila kifurushi kwapani, kimeviringishwa kwenye kanga. Mama alikipokea, akakitia kwenye kiroba kilichokuwa chini ya benchi, nyuma ya madumu ya maji. Siku moja nilichungulia. Niliona shati la shule la Baraka, mdogo wake Salome, na sweta, na viatu vya kike vya kanisani. Nilishangaa. Viatu huwezi kufutia nywele. Nilimwambia dada Joyce, naye alinitazama, akakiinua kile kiroba, akakisukuma ndani zaidi, akaniambia nikachote maji. Baada ya siku hiyo dada Joyce hakulalamika tena kuhusu filamu ya sanduku.

Ilikuwa wakati wa likizo, shule zimefungwa. Mama alifungua saluni mapema mno, jua bado halijafika kwenye kizingiti. Mama Salome alikuja na wanawe wawili, wamevaa nguo za nyumbani na ndala kama watoto waliotumwa dukani. Salome alikuwa ameshika chupa tupu ya mafuta. Niliwasalimia, "Shikamoo mama." Akaniitikia, "Marahaba mwanangu," na akaweka kiganja chake kichwani kwangu, akakiacha hapo kidogo. Kilikuwa cha baridi.

Mama alikivuta kiroba kutoka chini ya benchi, akajitwika, akaning'iniza taulo mbili mbichi juu yake. Mtu akimwona angesema anapeleka taulo kufua. Alimwambia dada Joyce, "Nikichelewa, wewe endelea na wateja." Wakatoka kwa mlango wa nyuma, mama mbele, watoto katikati, Mama Salome mwisho. Salome aliiacha ile chupa kwenye kabati la rasta.

Tukabaki wawili. Mteja mmoja aliyetaka kusukwa twende kilioni alikuja, akakaa. Dada Joyce aliniambia niwashe televisheni, niweke chochote. Nami kwa mazoea niliweka ya sanduku, sehemu ya kwanza.

Hatukumsikia Baba Salome akisalimia siku hiyo. Tulimwona tu amesimama mlangoni.

"Shikamoo baba," dada Joyce alisema. Mimi nikafuatia.

"Marahaba. Mama Salome hajapita hapa?"

"Hajapita leo. Labda baadaye."

Alitazama kiti, akatazama draya, kisha akaingia akaketi kwenye benchi. Benchi lililia. Alikuwa hajakasirika. Nataka mlielewe hilo, alikuwa mtu aliyekosa kifungua kinywa na anashangaa kidogo, basi. "Atakuwa sokoni," alisema, kama anajiambia mwenyewe. "Begi lake lipo. Nimeliona juu ya kabati."

Niwaambie ukweli, sikuwa na akili ya kuunganisha mambo. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu nzuri na hamu ya kusifiwa. Niliposikia begi juu ya kabati, moyo ulinirukia kwa furaha, kama mtu aliyeulizwa swali analolijua. Nikafungua mdomo kusema, kama kwenye ya sanduku, sehemu ya pili. Dada Joyce alikuwa nyuma ya mteja, kitana kinywani. Alipiga hatua moja ya pembeni, akanikanyaga mguu, akabaki amesimama juu yake.

Nilinyamaza kwa maumivu.

Kwenye televisheni mama mkwe alionja mchuzi. Baba Salome alicheka, peke yake. Kisha Tunu akatoka na gauni alilolikunja, akavuka uani nyuma ya mgongo wa bibi, akamkabidhi fundi cherehani. Baba Salome alitazama. Aliegemeza mikono yake mikubwa magotini.

"Mwalimu," aliniita. "Hii inaishaje?"

"Hatuna ya pili, baba," dada Joyce alijibu haraka, kitana bado kinywani. "Tulikopesha haikurudi. Hata sisi hatujui."

Ya pili ilikuwa kwenye kabati, naiona kutoka nilipokaa. Nilimchukia dada Joyce kwa uongo ule. Niliinamisha kichwa nikatazama vidole vyangu vya mguu. Baba Salome aliguna, akainuka, akaingiza mkono mfukoni na kunipa biskuti kama kawaida. Akatoka. Tulimtazama aendako. Hakwenda upande wa stendi. Alirudi nyumbani kwake kusubiri chakula, kwa sababu haikumwingia akilini kwamba kuna kitu kingine cha kusubiri.

Dada Joyce alikaa chini sakafuni, mteja akiwa na kichwa nusu. Akaniomba biskuti moja.

Mama alirudi adhuhuri, taulo zimekauka mabegani. Hakusema alikotoka, wala dada Joyce hakuuliza. Jioni Baba Salome alikuja tena na safari hii alijua. Alisimama nje, hakuingia. Hakupaza sauti. Fundi redio aliyekuwa hatua chache tu hapo hakusikia kitu.

"Mama Rehema, fremu nitaihitaji."

"Sawa, Baba Salome."

"Mwisho wa mwezi."

"Sawa."

Alisubiri, nadhani alitaka aombwe. Mama alikuwa anakunja nyaya za draya. Alipoona haombwi, aliondoka.

Baba alipokuja kutoka mashineni alimkuta mama amekaa kwenye kiti cha wateja, kiti ambacho sikuwahi kumwona akikikalia. Akamwambia. Baba alimsikiliza hadi mwisho. "Ulijua atatutoa?" aliuliza. Mama akasema alijua. Baba aliangalia kioo, akakipima kwa mikono, akasema kitahitaji watu wawili kukibeba na magodoro katikati. Hayo ndiyo aliyoyasema.

Saluni ikahamia barazani kwetu. Wateja wengine walitufuata, wengine waliona mbali. Kioo kilifika salama, ila hapakuwa na mahali pa televisheni, ikawekwa ndani, na filamu za saluni zikaishia hapo. Kulikuwa na miezi ambayo tulikula ugali kwa mlenda hadi nikauota. Dada Joyce alirudi Nduguti kuolewa. Baba Salome aliacha kuniita mwalimu, na kwa muda mrefu nilidhani ni kwa sababu nilikula biskuti yake siku ile bila kusema asante.

Kutoka Itigi zilikuja habari, polepole, kwa mdomo wa watu wa basi. Kwamba kaka mtu aliwapokea. Kwamba mzee alimfuata mara moja, akawekewa kiti nje, wakaongea yeye na shemeji yake hadi jua likazama, akarudi peke yake. Mambo yao mengine yalikwenda kanisani na ofisini, yakachukua miaka, siyajui yote. Mwaka mmoja tuliletewa dumu dogo la asali ya huko. Mama alilipokea mbele ya kondakta, akafungua kifuniko, akaonja kwa kidole, akafunga. Akaenda chumbani na hakutoka hadi wakati wa kupika.

Mimi nilikua, nikayaunganisha mambo taratibu, moja baada ya jingine. Maji ya baridi. Kwaya. Taulo. Nikajitengenezea hadithi ambayo niliipenda na nimewahi kuwasimulia marafiki zangu: kwamba mama yangu alimfundisha mwanamke mmoja kutoroka kwa kumwonyesha filamu, na kwamba mimi nilisaidia. Nilipotoka kwa yule msusi wa Dodoma mwezi uliopita, nilimpigia mama simu nikamwambia hadithi hiyo kama zawadi. Alinisikiliza. Nyuma yake niliwasikia kuku.

"Hapana," alisema. "Mama Salome hakuhitaji kufundishwa. Alikuwa ameshaamua kabla sijaosha zile nywele. Aliniomba."

"Alikuomba nini?"

"Nimtunzie mfuko. Aliniomba mara ya kwanza mvua bado hazijaanza. Nikajifanya sijasikia. Draya ilikuwa inawaka, nikajificha kwenye kelele zake. Niliogopa, Rehema. Nilifikiria fremu, nilifikiria ada zenu. Nikamwacha arudi nyumbani hivyo hivyo. Halafu akaja na kile kidonda."

Nilimuuliza, sasa ile filamu ilikuwa ya nini.

"Ya kwangu mimi. Mlikuwa mnamtazama Tunu wote. Mimi nilikuwa namtazama yule fundi cherehani. Anatokea mara mbili tu, hata jina hana. Anapewa nguo, anasema weka hapo, anaendelea kushona. Nilikuwa nataka nione anafanyaje uso wake."

Tulizungumza mengine, hali ya hewa, magoti yake, bei ya alizeti. Nilipokata simu nilibaki nimeshika simu mkononi barabarani. Utotoni mwangu kote nilimjua mama kuwa mtu asiyeogopa kitu. Nyoka aliua yeye, si baba. Wenye fujo sokoni walimpisha. Kumbe kwa miezi kadhaa nilikaa juu ya kreti nikimtazama mtu anayetetemeka, na sikumwona, kwa sababu alikuwa anafanya mazoezi ya ujasiri mbele yetu sote, na mikono yake inasuka.